Besi umeishusha tyuni, sasa inakwaruza: tafuta kosa kwa dalili

Jumamosi moja jioni kijana anayepigia kwaya aliniletea besi yake, gita la nyuzi nne nene, imefungwa kwenye shuka. "Shikamoo fundi. Imekufa hii, na kesho tuna ibada saa tatu."

Haikuwa imekufa. Mwalimu wa kwaya alitaka nyimbo zishuke toni nzima ili sauti ya kwanza wasihangaike kule juu, naye kijana akalegeza nyuzi zote nne kutoka E-A-D-G hadi D-G-C-F. Nyuzi zikaanza kukwaruza kwenye freti. Akapandisha viti vya briji, zikakwaruza. Akazungusha chuma cha shingo, tena kwa upande usio wake, zikazidi kukwaruza. Mwisho akachukua kijitupa cha kucha akachonga mfereji wa uzi mnene. Kosa la kwanza lilikuwa kazi ya dakika 20. Yale matatu aliyoyaongeza mwenyewe yalinikesha hadi saa sita usiku.

Kabla hatujaingia kwenye dalili, tuelewane majina. Uzi wa kwanza ni G, ule mwembamba. Uzi wa nne ni E, ule mnene. "Mfupa" ni kile kipande chenye mifereji minne mwanzoni mwa shingo, hata kama chako ni cha plastiki. "Freti" ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. "Briji" ni kile kipande mwilini kinachoshika nyuzi, na "viti" ni vile vipande vyake vidogo ambavyo kila uzi unakalia chake. "Vikazio" viko kichwani, ndivyo unavyozungusha ukityuni. Na "chuma cha shingo" ni fimbo iliyofichwa ndani ya mbao, inayorekebishwa kwa alenki.

Hesabu kwanza, bisibisi baadaye

Sauti ya uzi inatokana na vitu vitatu: urefu, uzito na mkazo. Urefu kwenye besi nyingi ni inchi 34, kipimo ambacho Leo Fender alikitumia kwenye Precision Bass ya mwaka 1951, na huwezi kuubadilisha. Uzito nao hauguswi mpaka ununue uzi mwingine. Kwa hiyo ukizungusha kikazio unachocheza nacho ni mkazo tu, na mkazo una tabia ya kushuka haraka kuliko sikio linavyodhani. Shusha nusu toni, uzi umepoteza karibu asilimia 11 ya mkazo wake. Toni nzima, karibu asilimia 21. Kutoka E hadi C, asilimia 37. Kutoka E hadi B ya chini, asilimia 44, na hapo uzi wa kawaida unaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo.

Dalili nyingi utakazoziona hapa chini zimeanzia hapo. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa kila anayeniletea besi iliyobadilishwa tyuni ni moja: hizi nyuzi ni za tyuni hii?

Kujua unene unaofaa si kazi kubwa. Chukua namba ya uzi uliouzoea. Ukishuka nusu toni, zidisha kwa 1.06, toni nzima, kwa 1.12, toni mbili, kwa 1.26. Uzi wa nne wa 105 (dukani wanaita hivyo, maana yake inchi 0.105) ukitaka uwe D inatoka 118 hivi, basi nunua 115 au 120. Ukitaka C inatoka 132, basi chukua 130. Kwa aliyezoea seti ya 45-65-85-105 na anataka kukaa D-G-C-F moja kwa moja, hesabu inampeleka karibu na 50-73-95-118. Huna haja ya kupata namba hizo kamili. Ukizikaribia, mkono hautaona tofauti kubwa.

Wapiga gita wa Kongo walilijua hili zamani. Kwenye gita la mi-composé walitaka uzi wa D ulie oktava moja juu, na hawakujaribu kuukaza ule ule mpaka ukatike. Waliutoa, wakaweka uzi mwembamba mahali pake.

Msimamo wangu mimi: nusu toni chini, endelea na nyuzi zako. Uzi wa nne peke yake kushushwa hadi D, pia endelea nazo, hasa kama ni 105. Nyuzi zote toni nzima chini, badilisha. Zaidi ya hapo, usinipigie simu kabla hujabadilisha.

Inakwaruza, lakini wapi?

Usiseme tu "inakwaruza". Piga kila uzi, freti moja moja, polepole, bila amplifaya. Mahali inapokwaruza ndipo panapokutajia chanzo.

Ikikwaruza freti ya kwanza hadi ya tano hivi, halafu ikatulia ukipanda juu, shingo imenyooka kupita kiasi. Nyuzi nne za besi zinaivuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi kwa jumla, na chuma cha shingo kipo ili kupingana nazo. Nyuzi zikilegea, chuma kinashinda, shingo inanyooka au inabinuka kwa nyuma. Wakati huohuo uzi uliolegea unatikisika kwa upana zaidi. Nafasi imepungua na uzi unataka nafasi zaidi, sasa utaacha kukwaruza vipi?

Pima hivi. Ukiwa umeshatyuni kwenye tyuni mpya, bonyeza uzi wa nne freti ya kwanza kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia ubonyeze pale shingo inapoungana na mwili. Uzi sasa ni rula yako. Tazama freti ya 7 au ya 8: kati ya uzi na freti panatakiwa pawe na nafasi ya milimita 0.3 au 0.4, unene wa kadi ya biashara ya karatasi ngumu. Uzi ukiwa umelala kabisa juu ya freti, shingo imenyooka mno. Kadi ya benki, ambayo ina milimita 0.76, ikipita bila kugusa, shingo imepinda mno kwa mbele na tatizo lako ni jingine.

Shingo iliyonyooka mno inataka chuma kilegezwe, yaani alenki izunguke kinyume cha saa. Robo mzunguko. Sio nusu. Tyuni upya, subiri kidogo, pima tena. Alenki ikicheza ndani ya tundu lake, hiyo si saizi yake: besi nyingi za Kimarekani zinatumia vipimo vya inchi, zile za kutoka Asia mara nyingi vya milimita, na tofauti ni ndogo kiasi cha kukudanganya. Ukiila ile nati, umeingia gharama ambayo ingetosha kununua seti kadhaa za nyuzi. Na ikiwa imekaza na haitaki kabisa, simama. Mpelekee fundi.

Ikikwaruza kuanzia freti ya 12 kwenda juu, shingo iache. Pandisha viti. Kwa tyuni ya kawaida watu wengi wanakaa milimita 2 hadi 2.5 juu ya freti ya 12. Ukiwa umeshuka toni nzima usione aibu kwenda 3 upande wa uzi mnene.

Ikikwaruza freti moja tu, tyuni haihusiki. Freti hiyo imelika au inayofuata kwa juu imeinuka, na ulikuwa huisikii kwa sababu mkazo wa zamani ulikuwa unaificha.

Ikikwaruza uzi ukiwa wazi tu, na ukibonyeza freti ya kwanza inanyamaza, chanzo ni mfupa. Hapo ndipo yule kijana alipofika na tupa yake.

Mfupa: usichonge ukiwa na hasira

Mfereji wa uzi wa nne umechongwa kwa uzi wa 105 au 100. Ukiweka 130 ya B, uzi hauketi chini. Unakaa juu ya kingo kama mtu mnene kwenye kiti cha mtoto. Dalili zake ni mbili. Ya kwanza, freti ya kwanza na ya pili zinalia juu kuliko zinavyotakiwa, kwa sababu kidole kinausukuma uzi mbali sana. Ya pili, ukityuni unasikia "ting!" na sauti inaruka ghafla: uzi ulikuwa umebanwa, umeachia wote kwa mpigo.

Kwa ule mlio wa "ting" peke yake, anza na penseli. Sugua risasi ya penseli laini ndani ya mfereji, rudisha uzi, jaribu. Mara nyingi inatosha, hasa kwa kushusha E hadi D na kurudi.

Kama uzi kweli hauingii, mfereji upanuliwe, usiongezwe kina. Ni kazi mbili tofauti na watu wanazichanganya. Unatafuta upana ambao theluthi moja au nusu ya uzi inazama na iliyobaki inachungulia juu. Tupa ielekee chini kidogo upande wa kichwa, ili uzi uuache mfupa kwenye ukingo wa upande wa freti. Sugua mara tatu, rudisha uzi, tazama, toa, sugua tena. Inachosha, najua.

Umeshazidisha kina? Mfupa wa yule kijana tuliuponya hivi: soda ya kuokea (baking soda) kidogo ndani ya mfereji, kiasi cha ncha ya kisu, halafu tone moja la supaglu. Inagandamana papo hapo na kuwa ngumu kama jiwe. Ziba kwanza kwa utepe wa karatasi mbao iliyo pembeni, na usivute ule moshi. Baada ya hapo unachonga upya, safari hii polepole. Dawa hii inadumu miezi, hata miaka ikikaa vizuri, lakini mfupa mpya ni bora kuliko kiraka.

Tyuna haisomi, au inasoma uongo

Malalamiko haya ndiyo ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wanaotyuni kwa simu. E ya besi ni herzi 41.2. D iliyo chini yake ni 36.7, B ni 30.9. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kunasa mtu anayeongea, huko chini inasikia kwa shida. Kwa hiyo sindano inarukaruka au inakaa kimya.

Au inadanganya kwa ujasiri. Umeshusha uzi hadi D, tyuna inaandika A, nawe unaanza kuhangaika na kikazio. Sababu ni kwamba uzi haulii sauti moja. Juu ya 36.7 kuna sauti ndogo ya mara mbili yake, ya mara tatu, ya mara nne, na hiyo ya mara tatu ni 110, ambayo ni A kamili. Ikiwa na nguvu kuliko ile ya msingi, tyuna inaishika hiyo.

Fanya hivi: funga kitufe cha toni kabisa, tumia pikapu (kile kinasa sauti chenye sumaku chini ya nyuzi) ya upande wa shingo kama unazo mbili, na upige kwa nyama ya kidole gumba juu ya freti ya 12, kwa upole. Bado haisomi? Gusa uzi juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 bila kuubonyeza, piga, ondoa kidole. Hiyo hamoniki iko oktava moja juu na tyuna nyingi zinaisoma bila taabu. Hakikisha pia programu iko kwenye hali ya kromatiki, ile inayosoma noti zote. Ikiwa kwenye hali ya "besi" inaweza kuwa inazijua E, A, D na G tu, na D yako ya chini itakuambia ni E iliyopotea. Tazama na A yake iwe 440, maana kuna mtu aliyewahi kuichezea simu yako.

Kwa sikio ni haraka zaidi. Hamoniki ya freti ya 12 kwenye uzi wa nne ulioshushwa hadi D ni sauti ile ile ya uzi wa pili ukiwa wazi. Ziache zote mbili zilie pamoja. Utasikia sauti inapumua, wau-wau-wau. Kadiri unavyokaribia, kupumua kunapungua kasi. Kukisimama, umefika.

Halafu kuna hii, na imewapata hadi wapigaji wazuri: kila uzi peke yake uko sawa, lakini zikilia pamoja kuna kitu kimeoza. Mara nyingi ni mazoea ya mkono. Wengi tumefundishwa kulinganisha hamoniki ya freti ya 5 ya uzi mnene na ya freti ya 7 ya uzi unaofuata. Hiyo inafaa pale tu nyuzi zinapoachana kwa nne, yaani do hadi fa. Kwenye B-E-A-D inafanya kazi, kwenye D-G-C-F inafanya kazi. Lakini ukishusha uzi wa nne peke yake hadi D, kati yake na A sasa kuna tano, do hadi so. Hapo linganisha freti ya 7 ya uzi wa D na freti ya 12 ya uzi wa A. Zote ni 110.

Umeshusha uzi mmoja, nyingine zimepotea

Ni kawaida. Uzi mmoja ukilegea shingo inapumua kidogo, na nyuzi tatu zilizobaki zinapanda. Si nyingi, ila zinasikika. Tyuni wa nne, kisha wa tatu, wa pili, wa kwanza, kisha rudia mzunguko mzima.

Kama uzi wenyewe unakataa kukaa kwenye D, chunguza namna unavyoshuka. Usishuke ukasimama juu ya D. Pita chini yake, uvute uzi kwa kidole mara mbili, kisha upande hadi D. Ukishuka tu, unaacha uzi umelegea kati ya mfupa na kikazio, na noti ya kwanza utakayoipiga kwa nguvu itaumalizia kuushusha.

Wanaobadili katikati ya ibada au shoo hutumia kikazio chenye wenzo, maarufu ni Xtender ya Hipshot: unasukuma, E inakuwa D, unarudisha, inakuwa E. Kitu kizuri. Ila tyuni E kwanza, ndipo urekebishe D kwa skurubu yake. Ukianza kinyume utazunguka mchana kutwa.

Joto nalo lina sehemu yake. Besi iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi ikaingia ukumbini mchana wa Dar au Mombasa, nyuzi zinatanuka na sauti inashuka. Iache robo saa nje ya mfuko kabla ya kuigusa.

Noti inaanza juu, kisha inateremka

Uzi uliolegea ukichapwa unavutika, na kwa muda mfupi sauti inapanda kabla ya kutulia. Kwa D iliyopigwa na uzi wa 100, mchapaji mzito anaweza kusikika kama amekosea kabisa. Punguza mkono, ongeza amplifaya, sogeza vidole karibu na briji ambako uzi ni mgumu. Kama bado, uzi ni mwembamba mno kwa tyuni hiyo, rudi kwenye hesabu.

Kama badala ya kuteremka sauti inayumbayumba, ni sumaku za pikapu zinauvuta uzi. Shusha pikapu upande wa nyuzi nene. Ukibonyeza freti ya mwisho, acha angalau milimita 3 kati ya uzi na pikapu.

Oktava hailingani

Piga hamoniki ya freti ya 12, kisha ubonyeze freti hiyo hiyo na upige. Zinatakiwa kuwa sawa. Uzi uliolegea, na vilevile uzi mnene zaidi, kwa kawaida unalia juu ukibonyezwa. Ikilia juu, rudisha kiti nyuma, mbali na shingo. Ikilia chini, kisogeze mbele. Legeza uzi kabla ya kukisogeza, la sivyo unakwangua kiti na kuila skurubu. Kiti kimefika mwisho na bado iko juu? Ile springi ya nyuma ndiyo inayozuia. Ikate nusu au iondoe.

Hili lifanye mwisho kabisa, baada ya nyuzi, shingo na kimo cha nyuzi. Ukigusa shingo tena, oktava nazo zinaanza upya.

Uzi mnene hauingii kwenye kikazio

Uzi wa 130 kwenye nguzo iliyotengenezwa kwa 105. Usiuchune nyaya za nje ili upite, utafumuka wote na kufa ukiwa mpya. Kuna nyuzi zinazotengenezwa zikiwa na ncha nyembamba, omba hizo. Ukikata, acha sentimita 10 hadi 12 zaidi ya nguzo, kunja pembe kali kwanza, kisha kata mbele ya mkunjo, ili nyaya zisiteleze juu ya kiini. Mizunguko miwili au mitatu kwenye nguzo, ikishuka kwenda chini.

Umekaza juu, umekatika

Tyuni mbadala haina maana ya kushuka tu. Wapo wanaotaka A-D-G-C, waimbie melodi. Kukaza nyuzi za kawaida hadi huko ni kuongeza mkazo kwa asilimia 78, na kama uzi hautakatika, shingo itakulipia. Tumia nyuzi nne za juu za seti ya besi ya nyuzi sita, ambazo zimezaliwa kuwa A, D, G na C.

Wengine wanataka tano, C-G-D-A, kama selo iliyoshushwa oktava moja. Red Mitchell, Mmarekani, aliihamisha besi yake ya kusimama kwenye tyuni hiyo mwaka 1966 na hakurudi tena. Kwenye besi ya umeme inawezekana, lakini hakuna uzi wa seti ya kawaida utakaokufaa isipokuwa wa D. C inataka 130 hivi, G iliyotokana na A inataka 95, na A ya juu inataka 40 ili iwe na mkazo ule ule wa G ya 45. Vidole navyo vitalalamika, noti zimeachana.

Sauti imekuwa ngurumo, noti haijulikani

Hapa besi haina kosa. Spika ndogo, na spika nyingi za kumbi na makanisa, haziwezi kuitoa herzi 36 kwa nguvu. Unachosikia ni zile sauti ndogo za juu yake, na ukiongeza kitufe cha "bass" unaongeza kile ambacho spika haikiwezi. Koni inapigapiga bure, amplifaya inachemka. Fanya kinyume: punguza bass kidogo, ongeza kati, na kama kuna kichujio cha kukata chini, kiweke kwenye 30 au 35. D itaonekana.

Kisha mtazame mpiga kinanda. Mkono wake wa kushoto uko wapi? Kama naye yuko huko chini anapiga besi yake, muombe kwa upole, ndugu yangu, huku niachie mimi.

Ikiwa sauti imechanika na besi yako ina betri, badilisha betri ya volti 9 kabla ya kulaumu tyuni.

Noti inayokufa imehama

Besi nyingi zenye shingo ya kufungwa kwa skurubu zina noti moja inayozimika haraka, mara nyingi uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7. Shingo ina mtikisiko wake yenyewe na inaimeza sauti hiyo. Mtikisiko huo haujui umetyuni nini. Ukishuka toni nzima, sauti ile ile iko freti mbili juu, na noti mfu inakufuata huko. Wengi wanadhani wameharibu freti ya 9. Ipige noti hiyo kwenye uzi wa pili.

Vidole vimepotea

Ukishusha uzi wa nne peke yake, kila noti ya uzi huo imesogea freti mbili juu: E iko ya 2, F ya 3, G ya 5, A ya 7, C ya 10. Faida yake ni kwamba mzizi na tano yake, uzi wa nne na wa tatu, viko freti moja, kidole kimoja kinalala. Hasara ni kwamba mkono uliozoea G kwenye freti ya 3 utakuaibisha kwenye ubeti wa kwanza. Piga skeli ya G polepole dakika kumi kabla ya kutoka nyumbani.

Ndicho tulichofanya usiku ule. Baada ya kuuponya mfupa na kukirudisha chuma mahali pake, nilimwuliza kijana nyimbo za kesho zinashuka hadi noti gani. Akaziimba zote tano palepale, huku akigonga meza. Nne hazikugusa D ya chini hata mara moja. Zilihitaji vidole visogee freti mbili tu, tyuni ya kawaida. Tukarudisha E-A-D-G, na kwa ule wimbo wa tano akajifunza kushusha uzi mmoja wakati mchungaji anatangaza matoleo.